Je, Wajua? Kulala Hospitalini Si Kulazwa

Nchini Marekani, wazee wengi huingia katika Medicare, bima ya afya ya umma, wanapotimiza miaka 65. Sehemu A ya bima hiyo ndiyo inayogharimia kulazwa. Lakini kabla haijatoa hata senti, mgonjwa hutoa malipo ya kwanza kutoka mfukoni mwake. Kama una mzazi huko, au wewe mwenyewe unakaribia kustaafu, soma haya mapema.

Je, wajua kwamba kadi ya kwanza alipewa rais mstaafu? Tarehe 30 Julai 1965, Rais Lyndon Johnson alikwenda Independence, Missouri, akatia saini sheria ya Medicare mbele ya Harry Truman, ambaye tangu 1945 alikuwa amepigania bima ya afya ya taifa bila kuipata. Kadi namba moja ikawa ya Truman.

Je, wajua kwamba huduma ilipoanza mwaka 1966, malipo ya kwanza yalikuwa dola 40 tu? Mwaka 2025 yalifika dola 1,676.

Je, wajua kwamba malipo hayo hayahesabiwi kwa mwaka? Huhesabiwa kwa kipindi. Kipindi hufunguka siku unapolazwa, na hufungwa ukimaliza siku 60 mfululizo bila kulazwa tena wala kuhudumiwa katika kituo cha uuguzi. Ukitoka Januari ukarudishwa wodini baada ya wiki mbili, hulipi upya. Ukirudi Mei, unaanza tena. Mzee anaweza kulipa mara mbili, hata tatu, ndani ya mwaka mmoja.

Je, wajua kwamba ukishalipa, siku 60 za mwanzo wodini hazina nyongeza? Ada za madaktari ziko Sehemu B, nazo zina hesabu yake.

Je, wajua kwamba kuanzia siku ya 61 hadi ya 90 ulichangia dola 419 kwa kila siku mwaka 2025? Hiyo ni robo kamili ya malipo ya kwanza. Moja likipanda, na jingine hupanda.

Je, wajua kwamba baada ya siku ya 90 unakula akiba? Kila mwanachama ana siku 60 za akiba kwa maisha yake yote, na kila moja iligharimu dola 838 mwaka 2025. Siku ya akiba ikishatumika hairudi. Zikiisha zote, gharama za wodi ni zako.

Je, wajua kwamba unaweza kulala hospitalini usiku tatu na bado hukulazwa? Daktari akiandika kwamba uko chini ya uangalizi tu, unahesabiwa mgonjwa wa nje hata kama umelala kitanda kilekile na kuuguzwa na muuguzi yuleyule. Hapo malipo yanahamia Sehemu B.

Je, wajua madhara yake? Katika Medicare ya asili, ili bima igharimie kituo cha uuguzi baada ya hospitali, lazima uwe umelazwa rasmi siku tatu mfululizo. Ukitimiza sharti hilo, siku 20 za kwanza kituoni hazina mchango. Asipolitimiza, mzee aliyevunjika nyonga hujilipia kituo tangu siku ya kwanza.

Je, wajua kwamba uangalizi ukizidi saa 24, hospitali inatakiwa kukupa taarifa ya maandishi? Usiitie saini kabla ya kuielewa.

Je, wajua kwamba bima ya nyongeza iitwayo Medigap inaweza kubeba malipo ya kwanza? Mpango wake uitwao G huyabeba yote. Una miezi sita ya kuinunua tangu utimize miaka 65 na kujiunga na Sehemu B. Katika muda huo kampuni haiwezi kukukataa kwa sababu ya ugonjwa. Muda ukipita, katika majimbo mengi inaweza.

Basi anayemuuguza mzee asingoje bili. Siku ya kwanza, kando ya kitanda, amuulize daktari: "Mgonjwa wetu amelazwa, au yuko chini ya uangalizi?" Kesho yake aulize tena, kwa maana hali hiyo yaweza kubadilishwa mgonjwa akiwa bado wodini.