Mwitongo: Mahame Yanayotunza Historia ya Taifa

Mgeni afikapo Butiama, mkoani Mara, akitokea Musoma au Bunda, huzuru Mwitongo, eneo la kilima lenye majabali. Kwa Kizanaki, jina hilo lina maana ya mahame, yaani mahali palipokaliwa na waliotangulia. Hapo ndipo palipokuwa makazi ya Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki. Mwanawe, Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, aliyezaliwa mwaka 1922, alizikwa hapo Oktoba 1999. Makumbusho yenye jina lake yalifunguliwa Butiama mwaka huohuo.

Tofauti na magofu ya ngome za mawe, mahame hayana kuta za kumwonesha mgeni yaliyopita. Historia yake imo katika makaburi, majabali na masimulizi ya wazee. Yasipotunzwa na kusikilizwa leo, hakuna kitakachobaki cha kuwaonesha wajukuu.