Kila Gari na Barabara Yake

Gari la kasi ni gari la namna gani? Katika mwaka 1964 swali hili lilipata majibu mawili. Huko Marekani, kampuni ya Pontiac ilitoa gari lililoitwa GTO, lenye injini ya silinda nane na ukubwa wa lita 6.4. Mwaka huohuo, kampuni ya Porsche ya Ujerumani Magharibi ilianza kuunda gari la 911, ambalo injini yake ya silinda sita ilikuwa na ukubwa wa lita 2 tu. Yote mawili yalisifiwa kwa kasi, ingawa kasi iliyokusudiwa haikuwa moja.

Injini kubwa huvuta hewa na petroli nyingi kila pistoni ishukapo. Hivyo hupata nguvu kubwa ya kuzungusha magurudumu hata ikiwa inazunguka polepole. Injini ndogo haina budi kuzunguka upesi zaidi. GTO ilifikia kilele chake, nguvu za farasi 325, katika mizunguko 4,800 kwa dakika. Kilele cha 911 kilikuwa nguvu za farasi 130, katika mizunguko 6,100. Ifahamike kuwa siku hizo Marekani ilipima injini kabla ya kufungiwa vifaa vyake vyote, hivyo takwimu zake zilikuwa kubwa kuliko nguvu halisi ya gari barabarani.

Mapendeleo haya hayakuzuka bure. Nchini Marekani petroli ilikuwa rahisi, na barabara zilikuwa pana na zenye kunyooka, hasa baada ya sheria ya barabara kuu ya mwaka 1956. Mashindano yaliyopendwa na wengi yalikuwa ya magari mawili kuondoka pamoja kutoka kusimama na kukimbia robo maili, yaani mita 402, bila kona yoyote. Mwenye injini kubwa alikuwa na kila sababu ya kushinda.

Barani Ulaya petroli ilitozwa kodi nzito, na injini yenyewe pia ilitozwa. Tangu mwaka 1921 Uingereza ilikadiria kodi ya gari kwa upana wa silinda zake. Waundaji wakatengeneza silinda nyembamba na ndefu. Nchini Italia, magari yenye injini iliyozidi lita 2 yalitozwa kodi kubwa zaidi, hata Ferrari ikatoa mwaka 1975 gari la 208, lenye silinda nane zilizopunguzwa zikatoshea ndani ya mpaka huo. Aidha, barabara za milimani, kama zile za Alps, zilimtaka dereva apunguze mwendo, akate kona, kisha aongeze tena.

Hapo ndipo uzito na breki vilipokuwa na maana. GTO ilizidi kilo 1,500. 911 ilikuwa na kilo 1,080 hivi. Gari likiongeza mwendo kutoka kilometa 80 hadi 160 kwa saa, nishati yake huongezeka mara nne, na breki hulazimika kuigeuza yote kuwa joto. GTO ya kwanza ilikuwa na breki za ngoma, ambazo hufungia joto ndani na kulegea zikitumiwa mfululizo. Breki za 911 zilikuwa za sahani, zinazopozwa na upepo. Dereva aliyelipima gari kwa mbio za moja kwa moja angeweza kutambua kasoro hii akiwa tayari katikati ya mteremko.

Bei ya mafuta ilipopanda kuanzia mwaka 1973, na sheria za moshi zilipokazwa, injini za Marekani zilipunguzwa nguvu. Baadaye pande mbili zilifundishana. Kuanzia mwaka 2006 Mercedes-Benz ilitumia injini ya lita 6.2, nayo Ford Mustang ya mwaka 2015 ilikuja na magurudumu ya nyuma ambayo kila moja hupanda na kushuka peke yake, jambo linalosaidia sana katika kona zenye mashimo.

Leo mota ya umeme hutoa nguvu yake kubwa ya kuzungusha tangu gari likiwa limesimama, lakini betri yake ni nzito. Hivyo basi swali la mwaka 1964 limerudi: kuondoka kwa kishindo kumekuwa rahisi kwa wote, kukata kona na kusimama salama bado ni kazi ya mhandisi.