Waliohesabiwa na Wasiohesabiwa katika Miji Yetu ya Reli

Mwanafunzi yeyote wa historia katika shule zetu anaijua hadithi ya reli ya Uganda kwa vichwa vyake vikuu: ujenzi ulioanza Mombasa mwaka 1896, simba wa Tsavo mwaka 1898, kambi ya Nairobi mwaka 1899 na hatimaye ufuo wa ziwa mwezi Desemba 1901. Lakini mwulize mwanafunzi huyo huyo ni akina nani walioishi Makindu, Fort Ternan, Muhoroni au Kibigori baada ya wajenzi kuondoka. Yamkini atakosa jibu, wala kosa si lake. Vitabu vyetu vimeisimulia reli kama safari, vikawasahau watu walioteremka njiani wakabaki.

Si kwamba reli haikujua kuhesabu. Kumbukumbu zake zatuambia kuwa vibarua 31,983 waliletwa kutoka India, kwamba 2,493 kati yao walifariki, na kwamba 6,724 waliamua kubaki katika nchi hii mikataba yao ilipokwisha. Takwimu hizi zilihifadhiwa kwa makini kwa sababu kila kibarua alikuwa na mkataba, na kila mkataba ulikuwa gharama. Mwafrika aliyefyeka kichaka, aliyebeba mizigo au aliyeuza unga kambini hakuachiwa kumbukumbu ya usahihi huo.

Kasoro hiyo iliingia katika sensa pia. Sensa za kikoloni kabla ya Vita Vikuu vya Pili, ikiwemo ile ya mwaka 1931, ziliwahesabu Wazungu na Waasia. Waafrika walikadiriwa tu, aghalabu kwa kutumia daftari za kodi ya nyumba. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1948 ndipo Waafrika wahesabiwe katika sensa ya nchi nzima, na wakazi wote wa Kenya wakapatikana kuwa kiasi cha milioni 5.4. Hebu fikiri basi, msomaji, juu ya stesheni ndogo ya mwaka 1931. Karani Mhindi aliyekata tikiti alikuwa mtu kamili katika jedwali la serikali. Mfanyakazi Mwafrika aliyekaza misumari ya reli, na ambaye alilala katika landhi hatua chache kutoka dirisha la karani huyo, alikuwa makisio. Anayetaka kuandika historia ya mji wa namna hiyo kwa kutegemea majedwali peke yake ataandika habari za sehemu ndogo ya wakazi wake.

Dhuluma hiyo ilirekebishwa hatimaye, lakini jedwali lilibaki jedwali. Sensa ya mwaka 1962 iliwakuta Waasia zaidi ya 176,000 nchini. Ile ya mwaka 1969 iliwakuta kiasi cha 139,000. Katikati ya tarakimu hizo mbili kuna sheria za mwaka 1967 za uhamiaji na leseni za biashara, na kuna maduka yaliyobadilisha wenyewe katika miji mingi midogo. Jedwali laonyesha pengo bila kueleza ni nani aliyeondoka, nani aliyekabidhiwa ufunguo na nani aliyekataa kwenda. Pale Makindu, hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926 bado lawalisha wasafiri bila malipo, wawe wa dini yoyote. Jengo hilo latueleza juu ya wakazi wa kale wa mji huo jambo ambalo hesabu ya vichwa haiwezi kutueleza.

Hapa ndipo taaluma yangu ya isimu inapoomba nafasi. Pale ambapo karatasi zimenyamaza, lugha mara nyingi husema. Chukua sentensi nyepesi kama hii: gari la moshi limefika stesheni. Neno gari limetoka India, moshi ni neno la Kibantu, na stesheni ni Kiingereza kilichovikwa vazi letu. Mataifa waliokutana kando ya reli wamekaa pamoja katika sentensi moja. Majina ya mahali nayo ni ushahidi. Kisumu ilibandikwa jina la Port Florence kwa heshima ya mke wa mhandisi, na jina hilo likafifia. Lumbwa, jina ambalo Wakipsigis waliitwa na wengine, lilitoweka stesheni ilipoitwa Kipkelion. Fort Ternan bado lina jina la ofisa wa Kiingereza.

Kijaluo chatuongezea jambo jingine. Lugha hiyo hutofautisha ot, yaani nyumba, na dala, yaani boma la ukoo mtu anakotoka na anakotarajiwa kuzikwa. Kesi ya mazishi ya wakili S. M. Otieno mwaka 1987, iliyoishia katika Mahakama ya Rufaa na maziko kule Nyalgunga, Siaya, iliwafundisha Wakenya wote uzito wa tofauti hiyo. Mfanyakazi wa reli angeweza kukaa landhi miaka thelathini akiwa na ot bila kuwa na dala. Alipostaafu aliondoka na kumbukumbu za mji mzima kichwani mwake. Kwa hiyo sehemu kubwa ya historia ya Muhoroni na Kibigori haiko Muhoroni wala Kibigori. Imo vijijini, midomoni mwa wazee.

Nayasema haya nikiwa mzaliwa wa Kosele, karibu na Oyugis katika Kaunti ya Homa Bay, ambako reli haikufika kamwe. Kwetu, mkono wa reli ulikuwa meli zake zilizotoka Kisumu kuja Kendu na Homa Bay. Hata hivyo, masaibu ni yale yale. Sensa ya mwaka 2019, iliyotupa Wakenya milioni 47.6, ilimhesabu kila mtu pale alipolala usiku wa tarehe 24 Agosti. Soko huishi mchana. Mama anayeuza viazi vitamu Kosele na kurudi kijijini jua likizama si mkazi wa Kosele katika hesabu yoyote, ingawa bila yeye hapangekuwa na Kosele.

Ndiyo sababu nawaomba walimu wenzangu wasingoje chuo kikuu kiifanye kazi hii. Mtaala wa sasa wamtaka mwanafunzi atafiti mazingira yake. Basi na atumwe kwa babu au nyanya aliyewahi kukaa landhi au kuuza sokoni, akiwa na daftari na maswali machache: Mlikaa na akina nani? Mlizungumza lugha gani mlipogombana, na gani mlipofanya biashara? Mahali hapa paliitwaje kabla ya jina la sasa? Majibu yaandikwe jinsi yalivyotamkwa, yatiwe tarehe, na nakala iwekwe katika maktaba ya shule.

Magari ya abiria yalirejea Kisumu mwishoni mwa mwaka 2021 baada ya kimya cha miaka mingi, na stesheni zilizosahauliwa zikapakwa rangi upya. Rangi hupatikana wakati wowote. Wazee waliozijua stesheni hizo zilipokuwa zimejaa watu hawatungojei, nao wanapungua kila mwaka.