Muhogo na dagaa vyaweza kumjenga mwanamichezo, vikiandaliwa vyema

Wanamichezo wengi wa nchi tajiri wameshika desturi ya kula vyakula vya kilimo hai, yaani vile vilivyokuzwa bila mbolea za chumvichumvi wala dawa za viwandani za kuulia wadudu. Vyakula hivyo huuzwa kwa bei kubwa. Afrika Mashariki nayo ilijiwekea kanuni za kilimo hicho mwaka 2007, pamoja na alama ya Kilimohai ibandikwayo kwenye bidhaa.

Kijana wa Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru nchini Zambia, anayecheza kandanda au kukimbia mbio ndefu, akisikia habari hizo aweza kudhani kwamba ushindi hununuliwa madukani. Hali yafaa ieleweke kwamba muhogo wa Mofwe, ulimwao kwa jembe la mkono na mara nyingi bila mbolea ya dukani, ni chakula cha aina hiyo hiyo wanachokitafuta wenzake wa ng'ambo. Linalobaki ni kujua namna ya kukitumia.

CHAKULA CHA TANGU ZAMANI

Muhogo si mgeni katika bonde la Luapula. Wareno waliofika kwa Mwata Kazembe mwaka 1798, na wengine mwaka 1831, waliukuta ukiliwa na watu wa huko. Hadi leo unga wake ndio upikwao ubwali, kama ugali unavyoitwa na wenyeji. Kitoweo chake ni kisamvu, ambacho upande wa Zambia huitwa katapa na ng'ambo ya Kongo huitwa sombe. Tena wapo samaki wa ziwani, karanga na maharage. Dagaa wadogo waitwao chisense huvuliwa usiku kwa taa, hukaushwa juani, kisha huuzwa katika soko la Kashikishi na kupelekwa mbali.

JE, KILIMO HAI HUONGEZA NGUVU?

Wapo wanaoamini kwamba chakula kisichoguswa na dawa humpa mtu nguvu za ajabu. Mwaka 2012 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walipitia matokeo ya uchunguzi zaidi ya 200. Hawakupata ushahidi wa nguvu kwamba vyakula vya kilimo hai vina viini vya lishe vingi zaidi. Walichoona ni kwamba mara chache zaidi hukutwa na masalio ya dawa za wadudu. Hiyo ni faida, lakini haitoshi kumfikisha mtu kwenye utepe wa ushindi.

Kilicho kikubwa zaidi ni kiasi cha chakula na mchanganyiko wake. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2004 kuhusu wakimbiaji 10 hodari wa Kenya ulionyesha kwamba zaidi ya robo tatu ya nguvu walizopata kwa chakula zilitokana na vyakula vya wanga. Kwa kila kilo ya uzito wa mwili, mkimbiaji alikula wanga gramu 10 hivi kwa siku. Chakula chao kikuu kilikuwa ugali, na pamoja nao walikula viazi, wali, mkate, uji, kabichi na maharage. Nyama ilikuwa kidogo.

MUHOGO PEKE YAKE HAUTOSHI

Hapa ndipo pana tofauti kubwa. Gramu 100 za unga wa mahindi huwa na protini ya gramu 8 hivi, lakini unga wa muhogo huwa na gramu 2 au pungufu. Wataalamu hushauri kwamba afanyaye mazoezi mazito apate protini ya gramu 1.2 hadi 2 kwa kila kilo ya uzito wake kila siku. Kijana wa kilo 60, basi, ahitaji gramu 72 kwa uchache. Akila ubwali na mchuzi mtupu, misuli yake itachakaa badala ya kujengeka.

Dawa ya upungufu huo ipo ufukweni. Gramu 50 za dagaa wakavu hutoa protini ipatayo gramu 30, na kwa kuwa huliwa pamoja na mifupa yao, huleta pia madini ya kuimarisha mifupa. Wakaushwe juu ya kichanja, si mchangani. Kila mwaka uvuvi hufungwa kuanzia Desemba mosi hadi mwisho wa Februari. Nyumba yenye mwanamichezo haina budi kuweka akiba mapema na kuongeza maharage na karanga katika miezi hiyo.

TAHADHARI YA MUHOGO MCHUNGU

Chakula cha asili chaweza kuwa na sumu ya asili. Muhogo mchungu huwa na sumu ambayo huondoka ukilowekwa majini siku kadhaa hadi ulainike, kisha ukavunjwavunjwa na kuanikwa mpaka ukauke kabisa. Mwaka 1985, wakati wa ukame, watu wa wilaya ya Tarime nchini Tanzania walikula muhogo usioandaliwa ipasavyo, na baadhi yao wakapooza miguu kwa ugonjwa uitwao konzo. Ugonjwa huo hauponi. Huwapata hasa wale wakosao protini, kwa sababu mwili huihitaji ili kuiondoa sumu hiyo. Kwa hiyo dagaa humjenga mlaji na tena humkinga. Kisamvu nacho kitwangwe barabara na kuchemshwa kwa muda mrefu.

UNGA WA MAKOPO

Vijana wengine hutamani unga na vidonge vya kuongeza misuli. Mwaka 2000 na 2001 maabara ya Cologne, Ujerumani, ilipima bidhaa 634 za aina hiyo. Katika bidhaa 94 zilikutwa homoni zisizotajwa kwenye makopo. Kwa sheria za michezo, mwanamichezo ndiye mwenye kujibu kwa kila kitu kitakachokutwa mwilini mwake, hata kama hakujua. Kopo moja laweza kuzima jasho la miaka mingi.

MLO WA SIKU

Asubuhi: uji uliotiwa karanga zilizopondwa. Mchana: ubwali wa kushiba, dagaa na kisamvu. Jioni: ubwali au viazi vitamu kwa maharage au samaki, pamoja na tunda. Siku ya mashindano mwanamichezo ale saa tatu au nne kabla ya kuanza, na anywe maji safi.

Mama apikaye na mwalimu wa michezo shuleni wakishirikiana katika jambo hili, kijana wa Mofwe hatakuwa na sababu ya kutamani chungu cha jirani.