Kabla ya Kulipia Chumba cha Hoteli

Wakazi wengi wanaotaka kufungua hoteli ndogo hulipa kodi ya chumba kwanza, ndipo huulizia leseni. Hasara huanzia hapo. Afisa wa afya ya umma hukagua choo, maji safi, mahali pa kunawia mikono na njia ya moshi. Chumba kisipofaa, kodi huendelea kuhesabiwa ilhali meko ni baridi. Heri umwone afisa huyo kabla ya kutoa pesa.

Jina la biashara husajiliwa kwenye eCitizen, na PIN hutolewa na KRA. Leseni ya biashara ni ya kaunti. Ada yake hutegemea aina na ukubwa wa biashara, na imo katika Sheria ya Fedha ya Kaunti. Kila anayeshika chakula hupimwa na kupewa cheti cha afya, naye hupimwa tena kila baada ya miezi 6. Hata mwosha vyombo.

Kuhusu stima, nyaya za jengo ziwekwe na fundi mwenye leseni ya EPRA, kwani Kenya Power huitisha cheti chake. Ukirithi mita ya mpangaji aliyehama, uliza kwanza kama ina deni. Na yeyote anayedai ada mlangoni bila risiti rasmi, hata akiwa na sare, usimpe.