Meli Isiyo na Nahodha: Nani Ampishe Mwenzake?

Tumezoea kwamba kila chombo kina nahodha. Je, meli ikienda yenyewe, bila mtu kushika usukani, itakuwaje? Haya si mambo ya hadithi. Huko Norwe iko meli iitwayo Yara Birkeland. Urefu wake ni mita 80, inakwenda kwa betri, na kazi yake ni kubeba makontena ya mbolea kutoka kiwandani hadi bandari ya Brevik. Ilianza kazi mwaka 1922 + 100, yaani 2022, ikiwa bado na mabaharia ndani, huku mitambo ikijaribiwa. Nia ya wenyewe ni meli ijiendeshe.

Inaonaje? Ina rada na kamera. Kompyuta inapokea habari zake, inapiga hesabu, kisha inageuza usukani.

Sheria za baharini

Baharini hakuna barabara, lakini sheria ziko. Mataifa yalikubaliana mwaka 1972, zikaanza kutumika 1977. Hebu tuzitazame chache:

1. Meli mbili za injini zikikutana uso kwa uso, kila moja igeuke kulia.
2. Zikikatana njia, ile inayomwona mwenzake upande wake wa kulia ndiyo ipishe.
3. Anayempita mwenzake kutoka nyuma ndiye apishe.
4. Meli ya injini ipishe chombo cha tanga. Lakini katika mlango mwembamba, chombo kidogo kisiizuie meli kubwa.
5. Kila chombo kiwe na ulinzi wa macho na masikio wakati wote.

Hiyo ya tano ndiyo yenye mzozo. Kamera ni jicho? Na ajali ikitokea, nani nahodha wa kuulizwa? Shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa bahari, lenye makao London, lilizichunguza sheria zake toka 2018 hadi 2021. Likaona hata neno "nahodha" linahitaji kuelezwa upya.

Na sisi wenye ngalawa?

Rada huona chuma vizuri, lakini mbao huziona kwa shida. Hatari hiyo ipo hata leo, meli ikiwa na watu. Basi tujilinde. Chombo cha makasia, au cha tanga kisichofika mita 7, kama hakiwezi kuwa na taa za kawaida, sheria inataka kiwe na kurunzi au taa nyeupe tayari, ionyeshwe mapema kabla ya kugongana. Pia bati tatu zilizoungwa kama kona ya sanduku, zikifungwa juu mlingotini, husaidia rada kukiona chombo.

Tusiseme, "Mimi nina tanga, atanipisha tu." Asiyekuona hawezi kukupisha, awe mtu au mashine. Usiku wa leo, kabla hujashusha ngalawa majini, iwashe kurunzi yako uone kama betri zina nguvu.