Jinsi Umeme Upitavyo Ndani ya Silikoni

Shaba hupitisha umeme kwa wepesi, bali kioo hakiupitishi. Katikati ya hivyo viwili kuna vitu viitwavyo nusu-vipitishi. Mwaka wa 1833 mtaalamu Michael Faraday wa Uingereza alipima kitu kimoja cha namna hiyo, kilichofanyika kwa fedha na salfa, akaona ajabu. Shaba ikipata moto hupitisha umeme kwa shida zaidi. Lakini kitu kile kilipopata moto kilizidi kuupitisha. Sababu yake haikuelezwa vema mpaka mwaka wa 1931, na aliyeieleza ni Alan Wilson, naye pia Mwingereza.

Sababu yenyewe ni hii. Vitu vyote vimefanyika kwa chembe ndogo mno ziitwazo atomu, na ndani ya kila atomu zimo elektroni, ambazo huchukua umeme. Katika shaba elektroni nyingi ni huru. Shaba ikipata moto, atomu zake hutikisika na kuzizuia njiani.

Silikoni, ambayo hutolewa katika mchanga mweupe, si hivyo. Kila atomu yake ina elektroni nne za nje, nazo zimefungamana na atomu nne zilizo jirani. Kwa hiyo elektroni zilizo huru ni chache sana. Lakini joto likizidi, nyingine hufunguka, na umeme hupata wachukuzi.

Tena, elektroni ikiondoka huacha nafasi tupu nyuma yake. Mfano wake ni watoto walioketi kwa kubanana juu ya benchi. Wa mwisho upande wa kulia akiondoka, jirani yake husogea mahali pake, na anayefuata husogea vivyo hivyo, mpaka nafasi ifike mwisho wa kushoto. Kila mtoto amesogea mara moja tu kwenda kulia, lakini nafasi imepita benchi lote kwenda kushoto. Nafasi ya namna hiyo katika silikoni huitwa tundu. Basi umeme una wachukuzi wawili: elektroni hufuata upande wa chanya, na matundu upande wa hasi.

Watu wamejifunza kuongeza wachukuzi hao bila ya moto. Fosforasi ina elektroni tano za nje. Ikitiwa katika silikoni, moja huzidi na kuwa huru. Boroni ina tatu tu. Ikitiwa, huleta tundu. Atomu moja kati ya milioni yatosha kuleta badiliko kubwa.

Kwa maarifa hayo, Desemba 1947, John Bardeen na Walter Brattain wa Marekani walitengeneza transista ya kwanza kwa jermaniamu, ndugu yake silikoni. Leo redio, simu na vibao vya umeme wa jua hufanya kazi kwa mwendo wa elektroni na matundu. Hivyo hata nafasi tupu ina kazi yake.